Mlima Uliofichwa Nyuma ya Jahazi

Ipo kauli iliyorudiwa mno katika makala, mihadhara na dibaji za vitabu, hata ikaacha kudaiwa ushahidi: kwamba Kiswahili ni lugha ya bahari. Jina lake, husemwa, limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya pwani. Kaskazi iliwaleta wageni, kusi ikawarudisha, na jahazi likabeba maneno pamoja na tende na mikeka. Mjini Maskati, ambako Kiswahili husikika majumbani, misikitini na maofisini, kauli hiyo imepata hata sanamu yake. Kwenye mzunguko wa barabara wa Al Bustan limewekwa jahazi Sohar, lililoundwa Sur na kusafiri hadi Uchina mwaka 1980 na 1981. Mwandishi anayetaka kusimulia uhusiano wa Omani na Afrika Mashariki huona pa kuanzia ni hapo au mfano wa hapo: tanga, upepo, nyota, bandari. Nyuma ya mji imesimama milima. Hiyo haisimuliwi.

Hakuna anayeweza kuikana bahari, wala hakuna haja. Lakini kauli iliyozoeleka ina upungufu, na upungufu huo una walioumia. Kiswahili ni lugha ya miguu kabla na baada ya kuwa lugha ya tanga. Kimepanda milima, kimelala kwenye baridi, kimeikanyaga theluji. Fasihi inayolisahau hilo inawasahau watu fulani, na si kwa bahati mbaya.

Iangaliwe kwanza Omani yenyewe. Safu ya Al Hajar imeenea kwa zaidi ya kilomita 500, kutoka Musandam hadi karibu na Ras al Hadd, na kilele chake kirefu kuliko vyote, Jabal Shams, kinafikia takriban mita 3,000. Familia nyingi zilizohamia Unguja, Pemba na bara la Afrika Mashariki hazikutoka ufukweni. Zilitoka Nizwa, Izki, Al Hamra, Bahla, Rustaq, Ibra na vijiji vilivyojibanza chini ya magenge, ambako maisha yote yalitegemea mfereji mmoja wa falaji. Ukame ulipokausha mfereji, mtu alishuka. Alishuka kwa miguu au na punda wake, akapita Wadi Sumail, bonde linaloikata safu hiyo na kufungua njia ya pwani, hadi Matrah na Maskati, au akaelekea Sur. Na kwa kuwa majahazi yaliondoka na kaskazi, alishuka wakati wa baridi, usiku wa milimani ukiwa mkali na mawe yameanza kuganda umande. Safari ya Unguja ilianza kwa siku kadhaa za miamba. Masimulizi yanayoanzia gatini yameikata sura ya kwanza ya kitabu.

Hapo mtetezi wa bahari hujibu: naam, milima ipo, lakini theluji haipo, theluji ni jambo la Wazungu. Jibu hilo halisimami hata Omani kwenyewe, kwani katika baadhi ya majira ya baridi theluji huanguka Jabal Shams, ingawa ni haba na haikawii kuyeyuka. Lugha yenyewe nayo inalikataa. Kiswahili kina maneno mawili kwa jambo hilo. Theluji limetoka katika Kiarabu. Barafu limetoka katika Kiajemi, na huko asili yake ni theluji hiyohiyo iangukayo. Baadaye Kiswahili kikaligawa shamba, theluji ikawa ile laini na barafu ile iliyoganda. Lugha isiyojali kitu haijipi taabu ya kukiazimia majina mawili na kuyatenganisha kwa uangalifu namna hiyo.

Yapo pia maneno ya kwao. Tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Johannes Rebmann aliiona Kilimanjaro kwa mara ya kwanza, na kitu cheupe juu yake. Kiongozi wa msafara wake alikuwa Bwana Kheri, mtu wa pwani. Rebmann ameandika kwamba kiongozi wake hakuwa na jina la hakika la weupe ule, ila alikisia kuwa ni baridi. Huko London mwanajiografia William Desborough Cooley aliipinga habari hiyo kwa miaka mingi, akiwa amekaa na vitabu vyake, kwa hoja kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Kati ya wawili hao, nani alikuwa msomi wa theluji? Yule aliyeikana kwa nadharia, au yule aliyekuwa chini ya mlima na kuupa weupe ule jina la kile unachokifanya kwenye ngozi? Lakini historia ya jiografia imemhifadhi Cooley kama mtu mwenye hoja, na Bwana Kheri kama mtu mwenye kubeba.

Ushahidi mkubwa kuliko wote uko katika maandishi yenyewe. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha huko Göttingen mkusanyiko wa Safari za Wasuaheli. Ndani yake kuna habari ya Selim bin Abakari, Mngazija aliyekuwa mtumishi wa Mjerumani Theodor Bumiller, na aliyefuatana naye mwaka 1896 hadi Urusi, Siberia, milima ya Altai na nchi za Asia ya Kati. Altai ni nchi ya vilele vyenye theluji isiyokwisha mwaka mzima. Basi miongoni mwa nathari za mwanzo za Kiswahili zilizochapishwa, mojawapo ni ya mtu aliyefika kwenye milima ya theluji na kuieleza nchi ile kwa Kiswahili, bila kuomba radhi kwamba lugha yake ni ya minazi. Lyndon Harries aliirudisha mbele ya wasomaji mwaka 1965, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Wanazuoni wanaijua. Lakini huisoma kama kioja: Mswahili huko Siberia! Mshangao huo ndio kosa. Ukisoma mkusanyiko wote, pamoja na maisha ya Hamed bin Muhammad el Murjebi yaliyochapishwa na Heinrich Brode mwaka 1902 na 1903, utaona kwamba nathari ya Kiswahili ilipoanza kuchapwa ilikuwa nathari ya njia: kambi, mizigo, njaa, mito, vilima, siku za mwendo. Selim si kioja katika mapokeo hayo. Ni mwanachama wake aliyefika mbali zaidi.

Baki ya pingamizi ni kwamba maneno hayatoshi. Mtu hawezi, husemwa, kueleza kwa Kiswahili safari ndefu ya miguu katika milima yenye theluji mwanzoni mwa machipuo, pale majira ya baridi yanapokataa kuondoka. Kwa nini asiweze? Alfajiri theluji imefanya gamba, nayo humbeba mwendaji kama sakafu. Jua likipanda, gamba hulainika. Mguu huzama hadi gotini, ukitolewa huu huzama ule, na mwendo wa saa moja huwa wa saa tatu. Chini ya theluji maji yamekwisha kuanza kupita, yasikike yasionekane, na daraja la theluji juu ya kijito huvunjika bila kuonya. Mwanga huumiza macho kuliko jangwani. Mteremko uliotulia asubuhi huporomoka mchana. Kwa hiyo mwenye busara huanza safari gizani, hutua adhuhuri, na hausifu mlima kabla hajashuka. Hakuna sentensi hapo iliyohitaji kukopa kitu. Anayesema Kiswahili hakiwezi amesema tu kwamba hajajaribu.

Hata majira yenyewe yamewekewa shaka, kwamba kwa mtu wa kaskazi, kusi, vuli na masika, machipuo ni neno la kamusi tu. Maskati inalijibu hilo vizuri kuliko mahali pengine. Februari na Machi miti ya mishmishi huchanua Wakan, kijiji kilichoning'inia juu ya Wadi Mistal. Kuanzia mwisho wa Machi hadi Mei mawaridi huchanua Jabal Akhdar, juu ya uwanda wa Saiq ulio takriban mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na huchumwa alfajiri, kisha hupikwa kwa mvuke ili yatoe maji yake. Nani katika nyumba ya Kiswahili asiyeyajua maji hayo? Marashi hunyunyizwa kwenye maulidi na harusini kwa mrashi wenye shingo ndefu, na halua haikamiliki bila harufu yake. Baridi ya mlima na machipuo yake vimo katika kabati la bibi, vimefungwa katika chupa. Neno limekuwapo muda wote. Kilichokosekana ni mwandishi wa kulipandisha tena hadi lilikotoka.

Lipo pingamizi la mwisho, na hili lina haya ndani yake: kwamba kutembea milimani ni mchezo wa watalii, watu walioshiba wanaotafuta kuchoka. Kweli, leo njia za milima ya Omani zimewekewa alama za rangi ya njano, nyeupe na nyekundu, na wageni huzifuata wakiwa na vitabu vya Kiingereza mkononi. Lakini ngazi za mawe wanazozikanyaga nani alizipanga? Njia iitwayo C38, ipandayo kutoka Riyam na kushukia Matrah, iliwahi kuwa njia ya watu wenye shughuli zao, kabla ya barabara ya gari. Njia ya ukingoni mwa korongo la Jabal Shams inaishia kwenye kijiji cha As Sab, kilichohamwa, ambako bado yanaonekana matuta ya kulimia. Hizo ni njia za punda, za tende na makomamanga, za maiti na maharusi. Mtalii amezikuta. Aibu haimo katika kuzitembea. Imo katika kuziacha zisimuliwe na yule aliyezikuta jana.

Kilimanjaro inatoa somo hilohilo. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kileleni Oktoba 1889, kambi yao ya juu ilitunzwa na Mwini Amani, mtu wa Pangani, pwani tupu, aliyestahimili huko siku nyingi za baridi ili wengine wapande. Hadi leo lugha ya mlima ule ni Kiswahili: kambi ya mwisho kabla ya kilele kwa wanaopitia Machame inaitwa Barafu, kilele chenyewe kinaitwa Uhuru, na mgeni wa nchi yoyote hufundishwa kwanza kusema pole pole. Wapagazi na waongozaji huisema theluji kwa Kiswahili kila siku ya kazi. Ni waandishi wa Kiswahili ndio hawawasikilizi.

Kwa nini hawasikilizi? Jibu ni chungu kidogo. Bahari ni msamehevu, haiachi nyayo. Ukianza na jahazi unaweza kuanza na nahodha, mfanyabiashara, sultani, shairi. Ukianza na njia ya miguu huna budi kuuliza nani alibeba. Atakuja mpagazi na kichwa chake, atakuja mtumwa aliyefungwa kwa mnyororo katika msafara wa pembe, atakuja mkulima wa mlimani aliyekimbia deni na ukame, asiyekuwa na cheo wala nasaba ya kutajwa. Fasihi ya nostalgia, na Maskati ina nyingi, huipenda bahari kwa sababu inawaruhusu watu wote kuwa wameshuka jahazini wakiwa safi. Mlima haumruhusu mtu hivyo. Humfikisha akiwa na vumbi, na humtaka amtaje mwenzake aliyemshika mkono penye genge.

Na muda unakwenda. Waliorudi Omani baada ya mwaka 1970, wengi wao baada ya kuikimbia Zanzibar ya mwaka 1964, walirudi na Kiswahili chao na na wazee waliokumbuka njia mbili: ile ya kushuka kutoka kijijini kwa punda, na ile ya kupanda kwa gari kwenye barabara mpya. Wazee hao wanaondoka. Wajukuu wao hujibu kwa Kiarabu au Kiingereza wanaposemeshwa Kiswahili, na Ijumaa huenda Jabal Shams pamoja na marafiki, hupiga picha, huteremka. Wakiulizwa babu alipitia wapi, hutaja bandari.

Basi kinachotakiwa kinaeleweka. Wahariri wa fasihi ya Kiswahili waache kuhesabu kila insha ya mlima kuwa tafsiri ya hisia za Kizungu. Watafiti wa Maskati wachukue vinasa sauti, wawaulize wazee kwa Kiswahili habari za siku za mwendo kabla ya habari za siku za tanga: walilala wapi, walikula nini, nani aliachwa njiani. Walioko Oslo, Toronto na Glasgow, ambao kila mwaka huikanyaga theluji ya Machi wakienda kazini au wakipanda milima ya ugenini, waiandike kwa lugha yao bila kusubiri ruhusa ya minazi. Selim bin Abakari hakusubiri. Alikuwa mtumishi, alikuwa mbali na kwao, na mbele yake palikuwa na milima ambayo hakuna aliyeitaja katika mashairi aliyoyajua. Akaiandika.