Kabro si maendeleo

Kila Jumamosi simu zetu hugeuka kijani. Mmoja yuko Karura kwenye maporomoko, mwingine yuko Ngong Hills chini ya ile mitambo ya upepo, na wote wameandika ati wamerudi kwa asili. Poa. Tembeeni, pigeni picha. Lakini Jumapili jioni mnarudi kulala wapi? Kwa ploti ambayo paka akifa hamna pa kumzika, kwa sababu kutoka geti hadi ukuta wa nyuma ni kabro, kabro, kabro.

Hapo ndipo nina vita. Tumezoeshwa kuona mazingira kama mahali pa kwenda wikendi: unalipa langoni, unapumua, unatoka. Ardhi unayoikanyaga kila siku haihesabiki. Mwenye ploti anajua hatutauliza, kwa hivyo anakata jakaranda, anamwaga simiti, halafu anaipa nyumba jina la bustani.

Wacha tupige hesabu, na ni ya shule ya msingi tu. Mvua ya milimita moja ikianguka kwa mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni kama mita 464 za mraba. Sasa chukua mvua ya milimita 20, ile ya Aprili inayokupata jioni ukingoja mathree. Kwa hiyo ploti moja zimeanguka zaidi ya lita 9,000. Hiyo ni mitungi 460 ya lita 20. Kwa udongo wenye mizizi, sehemu nzuri ya hayo maji ingezama polepole. Kwa paa la mabati na kabro iliyobanana, karibu yote yanatoka mbio kwa mtaro. Wiki ijayo mfereji umekauka kama kawaida, keyateka anaita boza, na wapangaji mnachanga. Yaani mmefukuza maji ya bure ndio mnunue mengine. Hiyo biashara mimi siielewi.

Na hayo maji hayapotei. Nairobi imelala kama meza iliyoinuliwa upande mmoja. Magharibi, Kikuyu na Dagoretti, ni juu. Mashariki, Njiru na Ruai, ni chini. Mto Nairobi unaanzia kwenye kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, unapita Chiromo, Gikomba, hadi Dandora na zaidi. Kwa hivyo kompaundi ikizibwa Lavington au Kileleshwa, maji yake yanatumwa kwa mtu wa chini. Mafuriko ya Machi hadi Mei 2024 yaliua zaidi ya watu 200 nchini. Tuliona Mathare na Mukuru ndani ya maji, kisha tukaona matingatinga yakija kubomoa nyumba za watu waliokuwa bado wanaanika magodoro. Kando ya mto ni hatari, hilo sibishi. Na ni kweli mwaka wa 2018 hata majengo ya wenye pesa yaliangushwa, Ukay Centre pale Westlands na South End Mall ya Lang'ata Road. Lakini hao walikuwa wamejenga mtoni. Yule wa juu aliyeziba ploti yake nzima, mbali na mto, akamtumia jirani wa chini lita elfu tisa kila mvua ikinyesha, nani amewahi kumbishia hodi?

Nina maoni yangu kuhusu kwa nini tunaipenda kabro hivi. Ni aibu ya matope. Ushago ni matope, mabandani ni matope, kwa hivyo ukiomoka lazima viatu vibaki safi kutoka kwa gari hadi mlangoni. Kanisa likipata pesa, kabro. Shule ikipata pesa, kabro, na watoto wanacheza juu ya kikaango saa saba mchana. Mti nao unaitwa uchafu: unaangusha majani, unaficha wezi, unaleta nyoka. Nyoka gani, Umoja?

Mtaniambia ploti ni ghali na watu wanataka keja. Kweli kabisa, na mimi pia nalipa rent. Sijasema tujenge chini. Pandisheni ghorofa kumi mkitaka. Ninachodai ni ile ardhi inayobaki isizibwe. Njia ya gari inaweza kuwa kokoto, au matofali yaliyoachiwa nafasi nyasi zipenye. Kando ya ukuta acha mita mbili za udongo na miti mitatu. Maji ya paa yaende kwa tangi. Msiniambie hayo ni mambo ya Ulaya. Shosho wengi walikinga maji ya paa kabla sisi tuzaliwe.

Vioo ndio siwezi kunyamazia kabisa. Jina Nairobi limetoka kwa Wamaasai, kwa maneno ya maji baridi. Tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, usiku unavaa hudi. Ni mji ambao jengo lenye ukuta mnene, kivuli na dirisha linalofunguka linaweza kukaa bila kiyoyozi. Pale Chuo Kikuu cha Kikatoliki, Lang'ata, kuna maktaba inayopozwa na hewa iliyopitishwa kwanza kwenye mawe chini ya jengo. Mawe, buda! Sisi tunaiga Dubai, tunaelekeza ukuta mzima wa kioo kwa jua la saa kumi, halafu tunalipa stima ya kupigana nalo.

Na msinitajie Wangari Maathai kama hamtaki kusikia alichopigania. Mwaka wa 1989 alipinga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, wabunge wakamkejeli. Januari 1999 alipigwa akajeruhiwa Karura, hiyo hiyo ya selfi zenu, akijaribu kupanda mti. Uhuru Park haikuwa mandhari ya wikendi. Ilikuwa mahali mtu asiye na ploti wala kazi angeweza kulala kwa nyasi katikati ya mji bila kuulizwa ananunua nini. Hicho kipande cha nyasi ndicho kilifanya apigane na serikali. Sisi tunashindwa kupigania mita mbili nyuma ya nyumba.

Mjengo mkubwa ukija mtaani kwenu, huwa kuna tangazo gazetini, na NEMA hupokea maoni ya wananchi. Andikeni. Mkiitishwa mchango wa kabro kwa grupu ya ploti, kabla ya kutuma M-Pesa ulizeni maji yataenda wapi. Mkijibiwa ni kwa mtaro, ulizeni mtaro unaelekea kwa nani. Sisi keyateka wetu tulimuuliza Jumanne. Tiki mbili za bluu, hajajibu.