Ndoa Bila Daftari

Kutoka Bungoma hadi Malaba, au Kitale hadi Suam, si safari ya kufungia masurufu. Wabukusu wa huku na Wagisu wa Mbale ni ndugu. Ndiposa Waislamu wa huko husema kuoa ng'ambo ya mpaka si kuoa ugenini. Kwa damu, kweli. Kwa sheria, sivyo.

Ndoa ya Kiislamu ikifungwa Uganda, sheria ya huko yataka iandikishwe katika muda wa mwezi mmoja. Na Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 huitambua ndoa ya nje iliyofuata sheria ya pale ilipofungwa, maadamu wawili hao wanastahiki kuoana. Umri usipungue miaka 18.

Najua nitaambiwa: walii, mashahidi wawili, mahari, ijabu na kabuli, vyatosha. Mbele ya Mungu, naam. Lakini mume akifa, mjane atasimama mbele ya kadhi kudai robo au thumni yake, na mashahidi wako ng'ambo, au wamekwisha kuzikwa. Atashika nini mkononi?

Kurani imetuamrisha tuandike deni. Je, mahari yasiyolipwa si deni? Wahenga wetu walinena: mali bila daftari huisha bila habari. Nami nauliza, mke je?