Afya ya Nyumba: Mafigo na Urithi wa Ukoo

Kijana mmoja katika wasomaji wetu ametuandikia. Kaka yake mkubwa ana maradhi ya sukari, na mafigo yake yameharibika hata damu yake husafishwa kwa mashine. Kijana naye ana sukari. Auliza: Je, na mimi njia yangu ni hiyo? Mama yao amemkataza asiulize, kwani, asema, kuyataja maradhi ni kuyaita.

Sisi twamjibu, maana wenye swali hili ni wengi kuliko wenye ujasiri wa kuliuliza.

Si kila mwenye sukari huharibika mafigo. Wako walioishi nayo miaka thelathini, tena bila ya uangalifu mkubwa, na mafigo yao mazima. Na wako waliojitunza, wakapatikana. Jambo hili liliwashangaza matabibu muda mrefu. Mwaka 1989 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walitoa habari za wagonjwa wa sukari wenye ndugu wagonjwa wa sukari vile vile. Pale ambapo mgonjwa wa kwanza mafigo yake yalikuwa mazima, ndugu waliokuwa na dalili za kuharibika mafigo walikuwa 17 katika mia. Pale ambapo yake yameharibika, walikuwa 83 katika mia. Waliochunguzwa walikuwa wachache, lakini tofauti hiyo si ya kupuuzwa.

Hata hivyo, ndugu hawarithi damu tu. Hula pia chungu kimoja, na chumvi ile ile. Tena urithi wenyewe si wa shari peke yake. Mwaka 2019, katika uchunguzi wa watu karibu 20,000 wenye asili ya Ulaya na sukari ya aina ya kwanza, ilionekana badiliko dogo katika jeni iitwayo COL4A3, ambayo husaidia kujenga utando wa chujio la figo. Wenye badiliko hilo hatari yao ilikuwa ndogo zaidi. Basi mtoto mmoja aweza kupata ngao asiyoipata nduguye wa tumbo moja.

Kwa hiyo habari ya kaka si hukumu. Ni onyo, tena onyo lililokuja mapema. Figo huumia kimya kimya, mkojo ukiwa na albumini hali mtu hahisi lolote. Mwenye sukari ya aina ya pili na apimwe mkojo na damu tangu siku aliyojulikana, na mwenye aina ya kwanza baada ya miaka mitano, kisha kila mwaka. Ikionekana mapema, ziko dawa za shinikizo la damu ambazo huyahifadhi mafigo pia.

Kijana wetu amweleze tabibu habari ya kaka yake kabla hajaulizwa. Na mama, twamwomba kwa heshima zote, amhesabie mwanawe wajomba na mashangazi waliougua sukari, na nani kati yao alivimba miguu na uso. Kwani pengine yeye ndiye pekee aliyebaki anayekumbuka.