Sauti Bila Mwenyewe



Lawama tunayoisikia sana siku hizi katika mji wetu wa Bujumbura, kuanzia Buyenzi mpaka Kinama, ni kwamba vijana wamekuwa watumwa wa simu za mkononi. Husemwa kuwa nyimbo zao ni za Dar es Salaam na Lagos, nywele zao ni za wacheza mpira wa Ulaya, suruali zao zimechanwa kwa makusudi, na hata dini wanaipata katika kioo cha simu badala ya msikitini au kanisani. Wazee wetu husema, "Mmeacha vyenu, mwaiga vya watu." Lawama hii ina ukweli wake, lakini naona imepigwa mahali sipo. Kuiga si jambo jipya wala si aibu. Linalonisikitisha mimi ni jambo jingine, nalo nitalieleza kwa kisa cha ngoma zetu wenyewe, kwa kuwa ni wachache miongoni mwetu waliopata kukisikia.

Mwaka 1967 Mfaransa mmoja, Michel Vuylsteke, alikuwa hapa Burundi na mashine ya kunasa sauti, chombo ambacho wakati ule kilikuwa cha ajabu kuliko simu zenu zilivyo leo. Alinasa nyimbo na ala za namna nyingi, na kati ya hizo alinasa kundi la wapiga ngoma. Mwaka uliofuata sauti hizo zilitolewa Ufaransa katika santuri ya Ocora.

Yafaa tukumbuke zilikuwa ngoma gani. Kwa Kirundi neno "ingoma" ni ngoma, na tena ni ufalme. Ngoma kuu, Karyenda, ilichorwa katikati ya bendera ya nchi tangu uhuru wa mwaka 1962 hata ufalme ulipoondolewa mwaka 1966. Mti wake huitwa umuvugangoma, nao haukukatwa ovyo bali kwa taratibu zake. Zilipigwa mbele ya mfalme, na katika sikukuu ya umuganuro wakati wa kupanda mtama. Kwa mababu zetu jambo hili lilikuwa karibu sana na ibada. Hapakuwa na mtu aliyeamka tu asubuhi akachukua fimbo mbili akapiga kwa kujifurahisha.

Sasa tazameni safari ya sauti ile. Mwaka 1971 mwanamuziki aliyetumia jina la Mike Steiphenson aliichukua, akaongeza gitaa na piano juu yake, akaiuza kwa jina la "Burundi Black", nayo ikapendwa Uingereza. Mwaka 1975 Joni Mitchell wa Kanada akaitia sauti ile katika wimbo wake "The Jungle Line". Katika santuri yake ziliitwa ngoma za wapiganaji wa Burundi, ingawa hazikuwa za vita hata kidogo. Ulipofika mwaka 1980 London ilishikwa na wazimu wa mdundo wa Burundi. Malcolm McLaren, mtu wa duka la nguo na msimamizi wa bendi, aliwaonyesha mdundo huo vijana wa Adam and the Ants. Adam akaweka wapiga ngoma wawili badala ya mmoja, akavaa koti la askari wa farasi wa zamani, na kujipaka mstari mweupe juu ya pua. McLaren naye akamnyang'anya wanamuziki wake wa kwanza, akaunda kwao bendi ya pili, Bow Wow Wow, akaivika mavazi ya maharamia yaliyoshonwa na Vivienne Westwood. Vijana wa Kiingereza wakaenda shule na kazini wamevaa hivyo hivyo, na wazazi wao, bila shaka, wakalalamika.

Basi kijana wa Bwiza akiambiwa kwamba yeye ndiye wa kwanza kuiga vya ng'ambo, na ajibu kwa adabu kwamba kuna wakati ng'ambo waliiga kutoka kwetu. Mavazi sina haja ya kuyasema sana. Tai tunayofunga shingoni tuliipata kwa Wabelgiji, kanzu ilitufikia kutoka pwani, na kile kitenge tunachokiita cha kwetu kilianza kwa Waholanzi walioiga nguo za Java. Mwenye kabati lisilo na kitu cha kuigwa na alifungue tulione.

Lakini kuna jambo katika kisa hiki ambalo halinichekeshi. Wimbo wa kwanza wa Bow Wow Wow, mwaka ule ule wa 1980, uliwasifu vijana wanaonasa nyimbo kwa kaseti nyumbani bila kununua santuri. Mwaka 1981 wenye makampuni ya santuri ya Uingereza walianza kutangaza kwamba kaseti hizo zinaua muziki. Kila mmoja alikuwa na kilio chake na mahali pa kulilia. Mpiga ngoma wa Burundi hakuwa na mahali hapo. Tazameni, majina ya Wazungu wote waliopitisha sauti ile mkononi nimeyaandika hapa bila taabu, kwa sababu yalichapwa juu ya santuri zao. Wale waliopiga mwaka 1967, jasho likiwatoka, walizunguka dunia nzima wakiitwa "Burundi" tu.

Haikuwa lazima mambo yawe hivyo. Mwaka 1982 wapiga ngoma wetu walikwenda wenyewe Uingereza katika tamasha la kwanza la WOMAD, watu wakawaona kwa macho. Mwaka 1992 walitoa sahani yao wenyewe kwa Real World. Mzee Antime Baranshakaje wa Gishora, karibu na Gitega, alijulikana kwa jina lake. Hali kadhalika Khadja Nin, aliyezaliwa Burundi mwaka 1959, aliimba kwa Kiswahili huko Ulaya, na "Sambolera" yake ya mwaka 1996 haikuuzwa kwa jina la mtu mwingine.

Hapa nyumbani nako tumejaribu kuilinda ngoma. Mwaka 2014 UNESCO iliandika mchezo wa ngoma ya kifalme katika orodha ya urithi wa watu wote. Mwaka 2017 agizo la Rais Pierre Nkurunziza liliwakataza wanawake kuipiga, na likataka ruhusa na ada ya faranga 500,000 kwa maonyesho nje ya sherehe za serikali. Mimi nasema wazi kwamba dawa hiyo haikulingana na ugonjwa. Ilimzuia binti wa Burundi mwenye fimbo mkononi. Haikumgusa aliyeibeba sauti tangu mwaka 1967.

Sasa nije kwetu sisi wenye simu. Nendeni katika vibanda vya mjini ambako kijana mwenye kompyuta huwajazia watu nyimbo katika kadi ndogo kama ukucha. Utaona mamia ya nyimbo zilizoandikwa namba tu: wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mwimbaji ni nani, wa mtaa gani, alirekodi lini, hayapo. Katika TikTok ni vibaya zaidi, maana huko wimbo hukatwa kipande kifupi, ukaharakishwa hata sauti ikawa kama ya panya, ukaitwa "sauti ya asili" ya mtu aliyecheza tu mbele yake. Mwanamuziki wa hapa Bujumbura aliyelipa studio kwa fedha za kuunga na kuungia, huku umeme ukikatika, hunyang'anywa jina na wale wale wanaompenda. Alichofanya mtu wa mwaka 1971 kwa gitaa na piano, sisi twakifanya kwa kidole gumba.

Na katika dini, ambako ningetumaini tungekuwa waangalifu, mambo ni hayo hayo. Juzi katika kundi la jamaa zetu la WhatsApp ililetwa hotuba ya shehe mmoja, kipande kifupi, chenye maneno makali juu ya wake na waume. Nikauliza, "Shehe huyu ni nani, na alisema wapi?" Watu watatu wakajibu kwamba nao wametumiwa tu. Mmoja akanionya kwamba kuuliza sana ni upungufu wa imani! Wakristo nao wana yao: sala isiyo na mwandishi, pamoja na amri ya kuituma kwa watu kumi kabla ya usiku, na wakati mwingine namba ya simu ya kupelekea sadaka.

Lakini dini zenyewe zilikwisha kuliona jambo hili kabla ya simu kuzaliwa. Kila mtoto aliyekaa madrasa hapa Buyenzi amefundishwa kwamba hadithi ya Mtume hupimwa kwa mlolongo wa wapokezi wake: fulani kutoka kwa fulani, kutoka kwa fulani. Mlolongo ukikatika, wanazuoni huitia hadithi hiyo katika zilizo dhaifu, hata kama maneno yake ni matamu. Naye Paulo aliwaonya Wathesalonike wasifadhaishwe na barua iliyodaiwa kutoka kwake, akaandika salamu kwa mkono wake mwenyewe ili ijulikane. Kwa hiyo anayeuliza "nani kasema?" hapungukiwi imani, afanya kazi ya zamani yenye heshima.

Najua kijana mmoja atasema, "Bwana, mimi natuma wimbo wa dakika tatu, si hadithi wala waraka." Vema. Ila kutaja jina la mwimbaji hakuongezi hata faranga moja juu ya bei ya kifurushi cha intaneti. Ni maneno mawili au matatu chini ya picha.

Nina ombi kwa ndugu waliomaliza shule zamani. Katika miaka ya 1980 na 1990 mlikuwa mkinasa kaseti kutoka redioni, mkaandika kwa kalamu ya risasi juu ya karatasi yake: upande wa kwanza fulani, upande wa pili fulani, na mwaka. Kaseti nyingi za namna hiyo zimo bado makabatini, Buyenzi, Bwiza na Nyakabiga, na baadhi yake zina nyimbo ambazo hazipatikani tena mahali pengine. Zileteni shuleni wakati wa likizo. Wanafunzi wenye simu wazinakili kabla utepe haujaoza, na ile karatasi ipigwe picha pia, mbele na nyuma.