Tunalipia Rimoti ya Mtu Mwingine

Pita kati ya Wandegeya na Kikoni usome matangazo ya hosteli. Utaahidiwa maji, ulinzi, intaneti na televisheni ya dishi chumbani. Intaneti naiacha kwa leo, ingawa nayo ina kesi yake. Nataka kuzungumzia televisheni, kwa sababu hapo wenye hosteli wanatutoza fedha kwa kitu ambacho hawatupi.

Tazameni inavyofanywa. Juu ya paa kuna dishi moja. Chumbani kwa msimamizi kuna king'amuzi kimoja, na mara nyingi kifurushi chake ni kile kinachouzwa kwa familia, si kwa biashara. Kwenye king'amuzi unatoka waya mmoja. Unagawanywa kwa splita, unagawanywa tena, hadi kila chumba kinapata tundu lake ukutani. Splita ya njia mbili hupunguza nguvu ya mawimbi kwa nusu na zaidi kidogo, kwa hiyo wanaokaa mwisho wa waya wanaletewa chenga tupu.

Hata hivyo, chenga zinavumilika. Lisilovumilika ni kwamba king'amuzi cha aina hiyo hutoa chaneli moja tu kwa wakati mmoja. Anachotazama msimamizi ndicho tunachotazama sote. Akitaka mpira wa Uingereza, jengo zima ni mpira. Akizima akalale, tumezimiwa wote. Sisi tunaosoma Kiswahili tunatakiwa kusikiliza taarifa za habari za Nairobi saa moja jioni na za Dar es Salaam saa mbili usiku, tuchunguze matamshi na msamiati. Chaneli zenyewe zimo katika kifurushi kilichokwisha kulipiwa kwa fedha zetu! Lakini saa hizo, katika hosteli ninamoishi, ni za tamthilia ya Kituruki. Mwaka 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Watakaokifundisha ni sisi. Tutakifundisha kwa matamshi tuliyoyakisia vitabuni?

Wapo watakaosema tuna simu. Tunazo, lakini video inakula data, na tangu Julai 2021 data inatozwa ushuru wa asilimia 12. Sheria imesamehe matumizi ya elimu, lakini sijaona kampuni ya simu inayoweza kutambua kwamba taarifa ya habari ninayoitazama ni zoezi la darasani.

Basi tujitegemee? Nchi yetu ilianza kuzima mitambo ya analojia mwaka 2015, kufuatia makubaliano yaliyofikiwa Geneva mwaka 2006. Sasa chaneli za hapa nchini zinarushwa kidijitali, na zile za bure hunaswa kwa antena ndogo na king'amuzi cha kawaida, bila malipo ya mwezi. Hazitatuletea Dar es Salaam, lakini zingetuondoa chini ya rimoti ya mtu mmoja. Minara ya Kololo haiko mbali nasi. Lakini kanuni za hosteli yetu zinakataza antena dirishani, ati inaharibu sura ya jengo. Jengo lenyewe limening'inizwa soksi kila ghorofa.

Wenye hosteli wanajua kwamba mwanafunzi ni mpangaji wa miezi minne. Muhula ukiisha anafunga godoro lake na malalamiko yake, anakuja mwingine. Ndiyo maana jambo hili halijabadilika.

Ninachodai si kikubwa. Ama neno "televisheni" lifutwe kwenye tangazo na kodi ipunguzwe, ama turuhusiwe kufunga antena zetu na sebule iwekewe king'amuzi chake, chenye ratiba inayopangwa na wapangaji. Nanyi walimu mnaotupa mazoezi ya kusikiliza, tunaomba mwaandikie wenye hosteli. Barua zetu hawazijibu. Wenzangu, muhula ujao, kabla hujalipa, simama ndani ya chumba unachoonyeshwa, washa televisheni, kisha mwombe msimamizi akubadilishie chaneli.