Maumivu ya kiuno: Usikimbilie kisu, wala usichelewe

WENGI wetu tunamjua jirani au jamaa aliyeinama kuinua mtungi wa maji akashindwa kunyooka tena. Kufikia siku ya pili maumivu yalikuwa yameteremka kutoka kiunoni hadi kwenye unyayo, na kila akikohoa au kupiga chafya aliyasikia kama moto. Hapo ndipo ushauri humiminika. Mmoja anasema apelekwe kwa mkandaji, mwingine anataka apasuliwe mara moja, na wa tatu anamwamuru alale juu ya ubao mwezi mzima.

Kabla ya jamaa kuuza ng'ombe ili kulipia upasuaji, ni vyema kuelewa kinachotendeka.

Sehemu ya kiuno katika uti wa mgongo ina pingili 5. Kati ya pingili moja na nyingine kuna kisahani, kigumu kwa nje na chenye ute mzito ndani, ambacho hupunguza mshtuko mithili ya springi za gari. Umri unapozidi, au mtu anapobeba mizigo mizito, kisahani huweza kupasuka na ute ukatokeza nje, ukabana mshipa wa fahamu unaoelekea mguuni. Visahani 2 vya chini kabisa ndivyo huharibika zaidi.

Habari njema ni kuwa wagonjwa wengi hupata nafuu bila kupasuliwa, mara nyingi katika wiki 6 hadi 12. Ute uliotokeza hunywea polepole. Katika kipindi hicho, usilale kitandani zaidi ya siku moja au mbili. Tembea kadiri unavyoweza. Dawa kama ibuprofeni hupunguza maumivu, lakini mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au shinikizo la damu amwone daktari kwanza. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo atakufundisha namna ya kuimarisha misuli ya tumbo na mgongo. Wengine hudungwa sindano ya steroidi karibu na mshipa ulioathirika, ingawa nafuu yake huwa ya muda mfupi. Usikubali mtu yeyote aukanyage au kuupinda mgongo wako kwa nguvu.

Na picha je? Eksirei haionyeshi kisahani. MRI hukionyesha, lakini ni ghali na huweza kuwatia watu hofu ya bure. Mnamo 1994, watafiti wa Marekani waliwapiga picha hiyo watu 98 wasio na maumivu yoyote ya mgongo. Zaidi ya nusu yao walikuwa na kisahani kilichofura. Kwa hivyo picha pekee si sababu ya kupasuliwa.

Upasuaji una nafasi yake, hasa iwapo maumivu ya mguu yamedumu zaidi ya wiki 6 na yanakuzuia kufanya kazi. Utafiti uliofanywa Uholanzi na kuchapishwa mwaka wa 2007 uliwafuatilia wagonjwa 283. Waliopasuliwa mapema walipata nafuu haraka zaidi. Hata hivyo, baada ya mwaka mmoja, asilimia 95 ya wagonjwa katika makundi yote mawili walikuwa wamepona, ingawa takriban 4 kati ya kila 10 walioambiwa wangoje walipasuliwa baadaye. Fahamu pia kuwa upasuaji huu hutuliza maumivu ya mguu kuliko ya kiuno chenyewe.

Lakini kuna dalili zisizongoja hata kesho. Ukishindwa kukojoa, au mkojo na choo vikitoka bila habari, ukifa ganzi sehemu za siri na katikati ya mapaja, au miguu ikiishiwa nguvu, nenda hospitali kubwa siku hiyo hiyo. Hapo kuchelewa kunaweza kukuacha na ulemavu wa maisha.

Na ikiwa maumivu yanaandamana na homa, jasho la usiku au kukonda, huenda si kisahani. Kifua kikuu hushambulia pia uti wa mgongo, na dawa zake zipo. Mkandaji hawezi kukitambua.

Kwa hivyo mgonjwa anapoagizwa apasuliwe, jamaa na waulize maswali mawili: Je, kuna dalili ya hatari? Na kama haipo, tiba nyingine zimejaribiwa kwa muda gani? Daktari mwema hatakasirika kuulizwa.