Kukata Stenlesi: Mapafu Nayo Yahesabiwe

Ndugu wafanya kazi, chuma cha kawaida hukatwa kwa moto wa gesi. Stenlesi nene hukataa, kwa sababu ya kromiamu iliyomo. Wenye karakana huchagua plazma kwa kuwa hukata upesi, lakini moshi wake una kromiamu ya namna iletayo saratani ya mapafu. Mashine ya maji yenye mchanga mkali hukata pole pole, bila moshi huo, wala joto haliharibu ukingo.

Wakubwa hupima saa na shilingi. Avutaye moshi ni mkataji. Sisi twasema: kazi isiyo ya haraka ikatwe kwa maji. Penye plazma pawe na chombo cha kuvuta moshi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamtaka mwajiri atulinde. Tuidai kwa umoja.